Rangi Laini

Bwana Iwakiri aliileta Alhamisi jioni,
nyeusi, miaka tisa barabarani,
akasema mkwewe anakuja Jumapili.
Hakuongeza neno. Akanunua kahawa ya kopo
kwenye mashine iliyo nje ya gereji yangu,
akaondoka kwa miguu kandokando ya reli.

Nikawasha taa.
Mbele ya taa gari jeusi halina siri:
utando wa buibui kila nuru inapotua,
duara juu ya duara,
miaka tisa ya ndoo moja na sponji ya jikoni.

Nikapima boneti: maikroni mia na sita.
Ukingoni, tisini na moja.
Ukingoni ndipo woga hukaa.

Rangi hii naijua. Ukiifuta vumbi, inakumbuka.
Ukiipumulia karibu mno, nusura ikumbuke.
Kazi nilijifunzia Nagoya, kwenye magari ya Kijerumani,
rangi ngumu kama kaure,
huko sufi na dawa kali ndiyo hodi ya kwanza.
Dawa ya moto ni moto, tulikuwa tukisema,
tukicheka, vumbi jeupe nyusini.

Nikabandika utepe, mraba wa shubiri mbili.
Sufi kwanza, kwa mazoea:
utando ukaondoka kwa pito moja,
na mahali pake pakazuka mkia wa mwanga
ulionifuata kila nilikohamisha kichwa.
Sponji ya chungwa, dawa ya kati:
mkia ukafa, ukungu ukazaliwa.
Nyeupe, dawa ileile: ukungu, ila mwembamba.
Nyeusi, ile laini ya mwisho,
na dawa ya makali yote: nilijua ni ujinga,
nikafanya, maana ilikuwa saa nne usiku
na saa nne usiku mtu hufanya ujinga wake.

Basi nikashuka.
Sponji nyeusi, dawa nyororo kuliko zote,
matone manne, kila moja kama dengu,
mashine mwendo wa tatu,
mkono wangu juu yake bila kuikandamiza,
kama mtu anayemshika mtoto aliyelala asimwamshe.
Brashi kwenye sponji baada ya kila mraba.
Spiriti, ili mafuta yasinidanganye.
Nikainama.

Bado. Mistari mitatu, minne,
myembamba kama nywele za kope,
yote ikielekea upande mmoja.

Nikailaumu dawa. Nikafungua chupa mpya.
Nikailaumu sponji, nikaiosha, nikaikausha kwa feni.
Nikalaumu vumbi la reli, nikafunga dirisha.
Nikalaumu Nagoya.
Saa saba nilikaa sakafuni, kitambaa cha kupangusia mapajani,
kidole kikichezea ukingo wake bila nia,
kikakutana na kitu kigumu:
lebo. Kipande cha nailoni, upana wa ukucha,
kikieleza kwa herufi ndogo namna ya kufuliwa.

Kikulacho.
Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka.
Nikachukua mkasi, nikazikata lebo zote,
vitambaa ishirini na vitatu, nikazihesabu.

Ijumaa yote. Jumamosi hadi giza.
Paa, milango, buti, tundu la mafuta
ambalo hakuna atakayelitazama.
Mwishowe taa ilisimama ndani ya boneti
kama iliyozamishwa kisimani,
nukta moja tu, haina utando, haina mkia.

Jumapili asubuhi alikuja na tai shingoni.
Akazunguka gari mara moja, mikono nyuma.
"Umeliosha vizuri, Nozue," akasema.
Nikainama. Akalipa, noti zikiwa ndani ya bahasha.

Tulipofungua mlango wa gereji, theluji ilikuwa imeanza,
ile nzito ya Takaoka, nusu maji,
na gari likatoka taratibu mpaka uani,
likasimama. Akashuka.
Akaitazama boneti yake kwa muda,
muda mrefu kuliko ule wa ndani,
kisha, kwa upendo, naapa ulikuwa upendo,
akaifuta theluji kwa mkono wa koti,
koti la sufi,
lenye vifungo vitatu vya shaba.